Bustani ya Uani na Kisima cha Jirani

Mafunzo ya mboga na viungo kutoka Siyu, kisiwa cha Pate

Ninyi wa skimu za Ziwa Kenyatta, Hindi na Witu mna mashamba ya ekari kadha wa kadha. Humo mnapanda mahindi, pamba, simsim, korosho na kunde. Walakini mara nyingi mgeni huingia katika nyumba yenye shamba kubwa, akakaribishwa chakula, akakuta sima imejaa sinia, wala hapana jani la kijani pembeni yake. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: "Maji hayatoshi."

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za watu ambao ardhi yao ni ndogo kuliko yenu, na maji yao ni haba kuliko yenu, nao wanapata mboga. Tena nataka kuwaonya juu ya hatari moja wanayoijua sana watu wa visiwani, lakini wengi waliotoka bara hawajaisikia. Hatari yenyewe ni hii: bustani ikiendeshwa vibaya yaweza kuua kisima.

Mji wa Siyu

Siyu ni mji wa zamani katika kisiwa cha Pate. Sifa yake zamani ilikuwa kazi ya mikono: watu wake walinakili Misahafu kwa hati nzuri, walishona viatu vya ngozi, walifua panga na kuchonga milango. Ngome yake ya karne ya 19 ingali imesimama kando ya mkono wa bahari, na jina la Bwana Mataka, aliyewapinga majeshi ya Sultani wa Unguja, lingali likitajwa.

Mkono huo wa bahari umezungukwa na mikoko, na maji yakitoka chombo hakiingii. Kwa hiyo abiria wengi hushukia gati ya Mtangawanda, kisha hufuata njia ya nchi kavu. Fikiri sasa safari ya fungu la sukuma wiki lililokatwa Mpeketoni. Hupakiwa garini mpaka Mokowe, huvuka kwa mashua mpaka Lamu, hupanda mashua nyingine mpaka Mtangawanda, kisha hupanda pikipiki mpaka Siyu. Likifika limenyauka, na kila aliyelishika ameongeza bei yake. Hii ndiyo sababu mama wa nyumba wa Siyu akiweza kupata tuta moja la mchicha nyuma ya jiko lake, huliona kuwa mali.

Nilikwenda huko mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na mvua ikiwa mbali. Katika ua mmoja niliona matuta mawili ya mchicha na kunde, biringani tano zenye matunda, mpilipili mmoja, na makopo ya rehani na nanaa yaliyopangwa kivulini. Ua wote haukuzidi hatua kumi kwa nane. Nikamwuliza mwenyewe, mama wa makamo, "Mama, maji ya kunyweshea haya mnayapata wapi katika kiangazi hiki?"

"Mwanangu, si ya kisima," akajibu. "Ya kisima ni ya kunywa na kupikia. Haya yamekwisha fanya kazi moja, sasa yanafanya ya pili."

Kisha akanieleza jambo ambalo hakulificha, ijapokuwa halikumpendeza kulikumbuka. Vuli ya mwaka 2021 ilikwisha bila mvua ya maana. Mwanawe alikuwa amenunua pampu ndogo ya petroli, akaitia katika kisima wanachochota nyumba sita, akanywesha bustani asubuhi na jioni. Mboga zilistawi kwa siku chache. Baada ya wiki mbili majani yakaungua kingoni. Baadaye maji ya chai yakawa na ladha ya chumvi katika nyumba zote sita. Pampu ikaondolewa, lakini kisima hakikurudi upesi. Watu wakanunua maji ya kunywa mpaka mvua za mwezi wa Mei. "Jirani yangu mmoja," akasema, "hakunisemesha mpaka Ramadhani ilipoingia, akaja kuniomba radhi na mimi nikamwomba."

Kwa nini kisima hugeuka chumvi

Watu wengi hudhani kwamba chini ya ardhi mna mto wa maji matamu usiokwisha. Kisiwani, na hata bara karibu na bahari, sivyo. Maji matamu tunayochota ni mvua iliyozama katika mchanga na mawe ya matumbawe. Chini yake mna maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake.

Ukitaka kuyaona kwa macho, tazama bakuli la tui lililotulia usiku kucha. Tui zito hupanda juu, na maji mepesi hubaki chini. Ukichota taratibu kwa kijiko, utapata tui zito peke yake. Ukitia upawa kwa nguvu mpaka chini, vyote viwili huchanganyika, na bakuli zima limeharibika. Kisima cha pwani ni vivyo hivyo.

Wataalamu wamepima uzito wa maji haya mawili, wakaona jambo la ajabu. Kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kunaweza kuwa na kama futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hii ni ya mahali ambapo maji yametulia. Penye kupwa na kujaa kwa bahari yale mawili huchanganyika, na tabaka tamu huwa jembamba zaidi. Lakini maana yake ni moja. Ukichota sana hata maji ya kisima yakashuka futi moja na kukaa hivyo, maji ya chumvi chini yake yaweza kupanda futi nyingi sana kuja kukutana na ndoo yako.

Kutoka hapo zinafuata kanuni nne, nazo ni za skimu kama zilivyo za Siyu.

Ya kwanza, chota kidogo kidogo, asubuhi na jioni, upate kukipumzisha kisima katikati. Ndoo na kamba hukilinda kisima kuliko pampu.

Ya pili, usitie pampu ya injini katika kisima kifupi cha karibu na bahari kabla Bwana Shamba au mtu wa idara ya maji hajakitazama.

Ya tatu, kisima kikianza kuwa na chumvi, usikichimbe zaidi. Wengi hufanya kosa hili. Hudhani kwamba maji matamu yako chini zaidi, kumbe chini ndiko iliko chumvi. Kiache kipumzike, ungoje mvua ikijaze. Afadhali kisima kipana kisichokwenda chini sana kuliko chembamba kilichozama.

Ya nne, katika kiangazi kikali, kunywa kwa watu huja kwanza, kisha wanyama, kisha bustani. Bustani inayokausha mdomo wa jirani haina baraka.

Huko visiwani wako pia na jabia, yaani birika la kukusanyia maji ya mvua. Sakafu kubwa iliyopigwa chokaa au saruji hupokea mvua na kuipeleka katika birika. Maji ya jabia ni ya kunywa. Mtu hayachoti kwa kunyweshea biringani.

Maji ya kazi ya pili

Sasa utauliza, maji ya bustani yatoke wapi? Tufanye hesabu pamoja, kama darasani.

Tuta la mboga lenye upana wa futi 4 na urefu wa futi 10 lahitaji kwa siku ya jua kali karibu lita 18 hadi 20, yaani mtungi mmoja wa plastiki tuliouzoea. Katika nyumba ya Siyu, tuseme watu wanne husali nyumbani. Kila mmoja hutawadha mara tano kwa kopo la lita moja. Nne mara tano ni ishirini. Maji hayo yakitawadhwa juu ya karai badala ya kumwagika sakafuni, tuta moja limekwisha pata maji yake, wala hakuna aliyekwenda kisimani kwa ajili yake. Ongeza maji ya kuoshea mchele na mboga, kama lita 10 kwa siku. Hiyo ni nusu ya tuta la pili.

Nyumba isiyotawadha ina maji ya kunawa mikono na kuoga. Maji yenye sabuni kidogo ya kuogea yaweza kumwagwa katika mpapai, mgomba au mlimau. Maji ya sabuni ya unga ya kufulia yasitiwe katika mboga za majani, kwa kuwa sabuni hiyo aghalabu ina chumvi nyingi, nayo huharibu udongo. Kadhalika maji ya kuoshea samaki waliotiwa chumvi yasifike bustanini. Maji ya choo hayaguswi kabisa.

Sasa tazama paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 5 kwa 8 lina mita 40 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 25 huleta juu ya paa hilo lita 1,000. Toa sehemu moja ya tano kwa kumwagika, zimebaki lita 800. Hiyo ni mitungi 40, yaani maji ya tuta moja kwa siku 40. Nayo yalikuwa yakipita mlangoni mwako na kuchimba uwanja. Hata paa la makuti hufaa. Maji yake huwa na rangi ya chai, hayapendezi kwa kunywa, lakini mboga hazilalamiki. Pipa lifunikwe vizuri, mbu wasizae humo.

Kutengeneza tuta

Chagua mahali penye jua la asubuhi na kivuli kidogo cha alasiri, karibu na jiko lakini mbali na choo na mbali kidogo na kisima, mbolea isije ikapenya ndani ya maji ya kunywa. Zuia upepo. Kusi ikivuma hubeba chumvi ya bahari, nayo huunguza majani. Huko Pate mjini watu hulima tumbaku katikati ya magofu ya nyumba za mawe, na kuta za kale huwa ngao yao. Wewe usiye na gofu, suka makuti au panda ua wa miti. Ua huo ndio pia utakaowazuia kuku, mbuzi na punda. Kulima bila ua ni kumlimia mbuzi wa jirani.

Wakati wa kiangazi, tuta la pwani liwe la kuzama. Chimba futi moja, changanya udongo na madebe mawili ya samadi iliyooza, kisha urudishe, uso wa tuta ukiwa inchi 3 au 4 chini ya usawa wa ardhi. Maji yatabaki humo yasikimbie. Lakini masika yakikaribia, hasa ninyi wenye udongo mzito mweusi usiopitisha maji, geuza kazi: inua tuta, ama mizizi itaoza. Neno la kukumbuka ni hili: kaskazi zamisha, masika inua.

Funika udongo kwa majani makavu, makapi ya mpunga au makuti yaliyokatwakatwa, unene wa inchi 2. Kifuniko hiki huzuia jua lisinywe maji kabla ya mboga. Majani yanayotupwa na bahari ufukoni yasitumiwe mabichi. Yaache yanyeshewe na mvua za msimu mzima yatoke chumvi.

Kuna pia hila ya mtungi. Twaa mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uuzike katikati ya tuta mpaka shingoni, ujaze maji, ufunike kwa kigae. Maji yatatoka pole pole katika udongo wa mtungi, na mizizi itayafuata. Utaujaza tena baada ya siku mbili au tatu. Mboga zilizozunguka mtungi huo hupata maji yote, wala magugu hayapati kitu.

Jambo la majivu

Wakulima waliozoea mashamba ya bara hutia majivu bustanini. Kwenye udongo mchachu jambo hili ni jema. Lakini udongo uliotokana na matumbawe umejaa chokaa tayari, na majivu huongeza yale yale yaliyozidi. Dalili yake ni hii: majani machanga hugeuka manjano, mishipa yake ikibaki kijani. Mmea haukosi maji. Unakosa chuma, kwa sababu chokaa imekifunga. Dawa ni samadi na mboji kwa wingi, na kuacha majivu. Ikiwa hujui udongo wako ni wa namna gani, usikisie. Peleka kiasi kidogo kwa ofisi ya kilimo uulize juu ya kupimiwa.

Mboji si kazi ngumu. Panga majani makavu, majani mabichi na samadi ya mbuzi au punda kwa tabaka, mpaka chungu kifike kimo cha futi 4. Nyunyiza maji kila tabaka, funika, na ukigeuze kila baada ya wiki tatu. Baada ya miezi mitatu kitakuwa cheusi, chenye harufu ya udongo wa msituni. Samadi mbichi isitiwe katika mboga, kwa kuwa huunguza mizizi na huleta maradhi.

Mboga zipi hustahimili

Maji yako yakiwa na chumvi kidogo, usishindane nayo. Chagua mmea unaoyavumilia. Maharagwe, vitunguu na karoti huchukia chumvi, msipoteze mbegu. Bamia, nyanya, pilipili na biringani hazipendi chumvi nyingi, lakini zikipata mboji na kifuniko huzaa. Mchicha, kunde na spinachi ni wavumilivu zaidi. Sukuma wiki pia hustahimili kiasi, lakini joto la kaskazi humchosha, basi mpande baada ya mvua kuanza.

Mchicha. Sia mistarini, mstari na mstari futi moja. Funika mbegu kwa udongo mwembamba sana. Baada ya wiki tatu au nne uko tayari. Usiung'oe, bali ukate inchi 6 juu ya ardhi, utachipua tena mara kadhaa.

Kunde. Panda futi moja kwa inchi 8. Chuma majani machanga kidogo kidogo, na maganda yaache baadhi yazae. Mizizi yake hurutubisha udongo kwa ajili ya zao litakalofuata.

Bamia. Loweka mbegu usiku mmoja. Panda futi 2 kwa futi 1. Baada ya miezi miwili hivi, chuma kila siku ya pili, zikiwa na urefu wa kidole. Ukiacha moja ikakomaa, mti huona kazi yake imekwisha, hupunguza kuzaa.

Biringani. Otesha kitaluni, hamisha baada ya wiki tano au sita, futi 2 na nusu kwa futi 2. Ukiutunza vizuri, mti mmoja huzaa kwa miezi mingi.

Nyanya. Hamisha mvua kubwa zikipungua, kuanzia Juni, maana mvua za Mei huleta ugonjwa wa majani. Fungia kila mti katika kijiti.

Namna ya kunywesha nayo ni elimu. Mwaga maji penye shina, si juu ya majani, kwa sababu maji yenye chumvi yakikaukia jani huliunguza. Nywesha jioni au alfajiri. Tena afadhali kunywesha kwa wingi mara moja kuliko kunyunyiza kidogo kidogo mara tano. Kunyunyiza hulowesha juu tu, maji hukauka, chumvi hubaki. Ukiona unga mweupe juu ya tuta, hiyo ndiyo chumvi. Iache mvua kubwa ya kwanza ilijaze tuta lililozama, iioshe chumvi ishuke chini, ndipo upande.

Viungo na majani ya harufu

Viungo havitaki shamba. Vinataka kopo, karai lililotoboka au gunia lililojazwa udongo na mboji.

Kotmiri hupendwa katika mchuzi wa samaki. Ponda mbegu kidogo igawanyike mara mbili, sia, ngoja kama wiki mbili. Joto kali huifanya itoe maua kabla ya majani, kwa hiyo iote wakati wa kusi, kuanzia Juni mpaka Agosti, penye kivuli.

Nanaa ikae peke yake katika kopo, maana ikiachiliwa hutambaa na kumaliza tuta. Mchaichai hugawanywa shina kwa shina. Hauna adabu ya kufa upesi, na wakati wa mvua hushika udongo usichukuliwe. Rehani huota kwa kipande cha tawi. Kata maua yake mara yanapotokea, majani yatazidi. Huko Lamu na Siyu rehani haiishii jikoni tu. Wanawake huichanganya na asumini katika vikuba, basi kopo moja la rehani laweza kumpatia mwenyewe senti za matumizi. Panda na mndimu mmoja ikiwa una nafasi, utajua sababu yake hapa chini.

Wadudu

Mwarobaini umejaa nchi yetu ya pwani. Ponda kilo moja ya majani yake mabichi, loweka katika lita 5 za maji usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya kipande kidogo tu ili maji yashike jani. Nyunyiza jioni, rudia kila wiki. Dawa hii hufukuza vidukari na wadudu wengi walao majani. Osha mboga vizuri kabla ya kupika. Isinywewe, wala isiachwe mikononi mwa watoto. Ukinunua dawa ya dukani, soma siku za kungoja kabla ya kuchuma, uzifuate. Mboga ya uani huliwa siku ile ile inayochumwa, kwa hiyo hatari yake ni karibu.

Kalenda ya mwaka

Machi: tengeneza kitalu na mapipa, safisha paa na mifereji yake. Aprili na Mei, mvua za mwaka: inua matuta, hamisha biringani na pilipili, panda kunde na bamia. Juni mpaka Agosti: nyanya, sukuma wiki, kotmiri, imarisha ua wa kuzuia kusi. Septemba: geuza mboji, weka mbegu. Oktoba mpaka Desemba, vuli: mchicha na kunde, lakini msiitegemee sana, kwa maana vuli hukosa ahadi. Januari na Februari: bakiza matuta mawili tu, yale yanayotoshwa na maji ya kazi ya pili. Mengine yalale.

Jikoni

Mboga iliyopandwa kwa taabu isipotezwe jikoni. Majani ya kijani kizito yana vitamini A, nayo hulinda macho ya watoto. Vitamini hii hutumiwa vizuri na mwili ikipata mafuta, basi mchicha wa tui si anasa, ni akili. Majani hayo yana chuma pia, kinachohitajiwa sana na mama wajawazito. Kamulia ndimu juu ya mboga, mwili upate kukichukua chuma hicho vizuri. Chai, kinyume chake, hukizuia. Ingojeni saa moja baada ya chakula. Osheni mboga kabla ya kukata, mpike kwa muda mfupi, wala msimwage maji yake.

Mwisho

Ndugu wakulima, sikuwaambieni mwache pamba na korosho. Nimewaambia muanze na tuta moja la futi 4 kwa futi 10, na karai moja mahali pa kunawia. Mwenye pampu na kisima cha pamoja azungumze na majirani zake kabla kiangazi hakijafika, wapatane ndoo ngapi ni za bustani, na siku gani bustani itaachwa. Mapatano ya mwezi wa Novemba ni rahisi. Ya mwezi wa Februari, chai ikiwa imekwisha kuwa na chumvi, huwa na maneno makali.

Nilipoagana na yule mama wa Siyu, alinifungia rehani katika kipande cha gazeti, akanichotea na kata ya maji ya kisimani ninywe kabla ya safari. Yalikuwa matamu. Alinitazama mpaka nikayamaliza, ndipo akaniambia, "Haya ndiyo tuliyokaribia kuyauza kwa mchicha."

Basi tusiuze kisima kwa mchicha, maana vyote viwili twaweza kuwa navyo. Mwenye swali amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa skimu yake.